Apriyani Rahayu alibebwa na Greysia Polii? Njooni tuitazame safari yake yote

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila jina la Apriyani Rahayu linapotajwa kwenye mijadala ya mpira wa vinyoya, hachelewi kutokea mtu wa kusema binti alibebwa. Kwamba dhahabu ya Olimpiki aliipata kwa kuwa alisimama pembeni ya dada yake mkubwa wa uwanjani, Greysia Polii, na Greysia alipotundika raketi, binti akabaki jina tu. Hoja hiyo inanikera kwelikweli, kwa sababu wengi wanaoitoa walitazama fainali ya Tokyo, wakaishia hapo. Nimeleta uzi huu nieleze kwa nini naamini mwaka wa kumpimia Apriyani ni 2022, wala si 2021. Ni mrefu, mwenye haraka asome kwa awamu.

Tuanzie kwao. Apriyani alizaliwa tarehe 29 Aprili 1998 kijiji cha Lawulo, wilaya ya Konawe, mkoa wa Sulawesi Kusini-Mashariki. Indonesia ni nchi ya visiwa, na nguvu yake ya vinyoya imejaa kisiwa cha Java. Klabu zenye fedha ziko Java, kambi ya taifa iko Cipayung upande wa mashariki wa Jakarta, na ule ukumbi wenye kelele za kutisha wageni, Istora Senayan, uko hapohapo Jakarta. Mtoto wa Jakarta au Kudus anaweza kwenda mazoezini jioni na usiku akalala kwao. Mtoto wa Konawe akitaka kuwa mchezaji inabidi avuke bahari na kuhama moja kwa moja, mzazi abaki kumsikia kwenye simu.

Familia haikuwa na kitu. Raketi yake ya utotoni ilikuwa ya mbao, na aliyeitengeneza ni baba yake. Hebu fikirieni hilo kwa mtu anayejua raketi. Za kisasa zina uzito wa gramu themanini na kitu, fremu ya kaboni, na mpini unaopinda kidogo unapopiga. Ya mbao haikusaidii chochote, kila kinyoya kinachovuka wavu umekivusha kwa nguvu za mkono wako. Mimi huwa nikimwona Apriyani anavyopiga kutoka nyuma ya uwanja, bega zima linaingia kwenye mpigo, naikumbuka habari ya ile raketi.

Alipopelekwa Jakarta alipokelewa klabu ya Pelita Bakrie chini ya Icuk Sugiarto, bingwa wa dunia wa mwaka 1983. Baadaye akahamia Jaya Raya. Mwaka 2014, akiwa na miaka 16, alifika fainali ya wasichana wawili wawili ya mashindano ya dunia ya vijana kule Alor Setar, Malaysia, akicheza na Rosyita Eka Putri Sari. Wakafungwa na Wachina, Chen Qingchen na He Jiaxin.

Lishikeni hilo jina la Chen Qingchen. Tutakutana naye tena na tena humu.

Mwaka uliofuata, Apriyani akiwa Peru kwenye mashindano hayohayo ya vijana, mama yake akafariki nyumbani. Binti wa miaka 17, upande wa pili wa dunia, na anatakiwa kuingia uwanjani. Naandika hili kwa sababu watu wanapozungumzia uimara wa Greysia, na ni kweli Greysia alikuwa imara, wanasahau kwamba yule mdogo alikuja kwenye jozi akiwa tayari ameshapitia ya kwake.

Nitaendelea na Greysia. Karibuni.

#2 Mdau wa kwanza

Mkuu, nimeweka kambi. Ila mimi ni mgeni kabisa kwenye mchezo huu, nimezoea soka. Niliwahi kutazama mechi moja ya wanawake wawili wawili, wanapigiana kinyoya hadi mimi mtazamaji nikachoka. Hivi pointi moja inaweza kwenda muda wote huo? Na wanapangwaje hao wawili, wanachaguana wenyewe?

#3 Mleta uzi

Swali zuri, ngoja nilijibu kwa kifupi maana bila hilo habari ya Apriyani haieleweki.

Uwanja una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, kila upande watu wawili. Seti ni pointi 21, anayeshinda seti mbili amemaliza kazi. Kinyoya chenyewe kina manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo, uzito wake kama gramu tano. Wanaume wakipiga kombora la kutoka nyuma, mara nyingi pointi imeisha hapo. Kwa wanawake kombora linarudi. Unapiga linarudi, unapiga tena linarudi, na kila ukipiga unapungukiwa pumzi wakati mwenzako amesimama tu anazuia. Ndiyo maana mchezo wao ni wa subira na mapafu. Kwenye mashindano ya Asia ya mwaka 2016 kule Wuhan, Greysia na mwenzake wa wakati huo Nitya Krishinda Maheswari walicheza nusu fainali ya dakika 161 na Wajapani Naoko Fukuman na Kurumi Yonao. Saa mbili na dakika 41, kwa seti tatu! Na wakafungwa.

Kuhusu kupangwa: Indonesia wachezaji wa kambi ya taifa hupangwa na kocha. Chama chao, PBSI, kina kambi Cipayung ambako wachezaji wanaishi na kufanya mazoezi pamoja, na kocha wa wanawake wawili wawili ndiye anayeamua nani asimame na nani. Mchezaji anaweza kulala ana mwenzake, akaamka amebadilishiwa.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 2017. Nitya alikuwa na jeraha lililohitaji upasuaji, na Greysia, mwenye miaka 29, alikuwa anafikiria kuacha. Ana haki ya kuchoka yule mama. London 2012 yeye na Meiliana Jauhari walikuwa miongoni mwa wachezaji wanane waliofukuzwa kwenye Olimpiki kwa kosa la kupoteza mechi kwa makusudi ili wapate wapinzani nafuu mbele. Akainuka, akachukua dhahabu ya michezo ya Asia Incheon 2014 na Nitya. Rio 2016 wakatolewa robo fainali na China. Sasa na mwenzake anaenda kupasuliwa.

Kocha Eng Hian, ambaye mwenyewe ana shaba ya Athens 2004 aliyoipata na Flandy Limpele, akamwomba asiondoke kwanza. Amsaidie kulea mchezaji kijana. Kijana huyo ni Apriyani, ndiyo kwanza ameingia Cipayung, miaka 19.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mpango ulikuwa ni malezi. Hakuna aliyekuwa anawaza dhahabu. Walianza pamoja kwenye Kombe la Sudirman, mashindano ya dunia ya timu za mataifa, Gold Coast, Australia, Mei 2017. Mwezi uliofuata wakachukua Thailand Open. Oktoba wakachukua French Open, fainali wakawafunga Wakorea Lee So-hee na Shin Seung-chan. Miezi mitano! Kama huyu alikuwa mzigo wa kubebwa, basi ulikuwa mzigo wenye miguu.

#4 Mdau wa pili

Mleta uzi naunga mkono, na niongeze kidogo la kiufundi maana mimi nacheza, si kwa ubingwa, ila nacheza.

Kwenye wawili wawili mkishambulia mnasimama mmoja mbele mmoja nyuma, mkizuia mnasimama sambamba. Ugumu wote uko kwenye kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine bila kugongana na bila kuacha pengo katikati. Greysia alikuwa na macho. Anasoma kinyoya kinakwenda wapi kabla hakijapigwa. Lakini macho peke yake hayamalizi pointi. Anayekaa nyuma na kupiga makombora matano, sita, saba mfululizo akiwa anaruka, na bado anashuka na kukimbilia kona nyingine, ni Apriyani. Greysia wa miaka thelathini na kitu asingeweza kufanya kazi hiyo mbele ya Wajapani na Wakorea wa kizazi kile. Akili ilihitaji mapafu, na mapafu yalihitaji akili.

Na jambo jingine, sauti. Apriyani anapiga kelele kila pointi. Wapo wasiopenda. Lakini kwa mtu aliyecheza na mwenzake mkubwa kuliko yeye kwa miaka 11, kelele zile zilikuwa njia ya kuchukua nafasi yake uwanjani. Kwa heshima za kule alitakiwa amwite Greysia dada na kunyamaza.

#5 Mleta uzi

Mkuu hapo umenena, hasa hilo la mwisho.

Naendelea. Mwaka 2018 na 2019 walikuwa jozi ya kuogopwa lakini si ya kwanza. Shaba ya dunia Nanjing 2018, shaba ya dunia Basel 2019, shaba ya michezo ya Asia nyumbani Jakarta 2018. Shaba, shaba, shaba. Juu yao walikuwapo Wajapani waliokuwa wamejaza nusu ya nafasi za juu, na Wachina Chen Qingchen na Jia Yifan. Ndiyo, Chen yuleyule wa Alor Setar, sasa anacheza na Jia ambaye ni mashoto. Mashoto na mkono wa kulia wakisimama pamoja, upande wa nguvu wa kila mmoja unafunika upande dhaifu wa mwingine. Ni jozi ngumu kuitoboa.

Januari 2020 wakachukua Indonesia Masters pale Istora, Februari wakachukua Spain Masters, halafu dunia ikafungwa kwa korona. Olimpiki ikasogezwa mwaka mzima. Kwa Greysia aliyekuwa anaelekea miaka 34, huo ulikuwa mwaka wa hatari. Kwa Apriyani ulikuwa mwaka wa kukua. Michezo iliporudi, Januari 2021, wakachukua taji kubwa Thailand.

Tokyo sasa. Hawakuwa miongoni mwa jozi zilizopewa namba za ubora kwenye droo. Mechi ya mwisho ya kundi wakakutana na Yuki Fukushima na Sayaka Hirota, namba moja wa mashindano na wenyeji, Hirota akicheza na goti bovu lililofungwa kifaa. Wakashinda 24-22, 13-21, 21-8. Robo fainali na Wachina Du Yue na Li Yinhui, seti tatu. Nusu fainali Lee So-hee na Shin Seung-chan, 21-19, 21-17. Hadi kufika hapo tayari walikuwa wamefanya ambalo halijawahi kufanyika, maana Indonesia haikuwa imewahi kupata medali yoyote ya Olimpiki kwenye wanawake wawili wawili. Susi Susanti alikuwa na dhahabu ya mmoja mmoja tangu Barcelona 1992, wanaume wawili wawili walikuwa nazo, mchanganyiko ipo. Huku hakuna hata shaba.

Tarehe 2 Agosti 2021, ukumbi wa Musashino Forest, asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Upande wa pili wa wavu, Chen na Jia.

Kuna kipande kimoja cha fainali ile nimekitazama mara nyingi mno. Kinyoya kiko hewani, pande zote zinapigana, ghafla nyuzi za raketi ya Greysia zinakatika. Sheria haisimamishi mchezo kwa nyuzi kukatika. Ukiwa na raketi mbovu mkononi una mawili: uendelee nayo, au uache uwanja wako, ukimbie pembeni kwenye begi, uchukue nyingine na kurudi, na muda wote huo mwenzako yuko peke yake mbele ya watu wawili. Greysia akakimbia. Apriyani akabaki na uwanja mzima. Hakuna alichokifanya cha kushangaza, na huo ndio ubora wenyewe. Hakujaribu kumaliza pointi kwa pupa, alikirudisha kinyoya mahali pa salama, kikubwa kisianguke. Greysia akarudi na raketi mpya, wakaendelea, na ile pointi wakaishinda.

Miaka minne nyuma yule aliitwa mtoto wa kulelewa. Mwacheni peke yake dhidi ya Chen na Jia kwenye fainali ya Olimpiki, mwone kama mlezi atarudi akute nyumba imeungua. Haikuungua.

21-19, 21-15. Dhahabu pekee ya Indonesia kwenye michezo ile. Kwa dhahabu hiyo Indonesia ikawa nchi ya pili baada ya China kuwahi kushinda vipengele vyote vitano vya mchezo huu kwenye Olimpiki. Serikali ikawapa kila mmoja rupia bilioni 5.5, na kwao Konawe uongozi wa wilaya ukamwahidi Apriyani nyumba na ng'ombe watano. Magazeti ya Ulaya yaliishangaa sana hiyo ya ng'ombe. Huku kwetu sidhani kama kuna wa kushangaa, ng'ombe watano ni heshima inayoeleweka.

#6 Mdau wa tatu

Nimesoma yote kwa utulivu, na nakubali umeandika vizuri. Lakini bado sijashawishika. Mimi sisemi Apriyani hana kipaji. Nasema kipaji bila mwenye akili pembeni hakimfikishi mtu kileleni. Greysia alipoondoka, Apriyani ana medali gani ya dhahabu ya dunia au Olimpiki? Hana. Ushahidi uko hapo. Na usituletee mataji ya kawaida, hata Greysia na Nitya walikuwa nayo.

#7 Mleta uzi

Mkuu asante kwa kusoma hadi mwisho na kupinga kwa hoja. Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Jozi ikivunjika kwenye vinyoya si kama kubadilisha beki mmoja kwenye timu ya soka. Pointi za orodha ya dunia zinahesabiwa kwa jozi. Ukipewa mwenzako mpya, jozi yenu inaanza kujenga pointi zake upya hata kama una dhahabu ya Olimpiki shingoni, na kwenye droo unaweza kukutana na wakubwa tangu raundi ya kwanza. Hayo ndiyo mazingira ya Apriyani mwanzoni mwa 2022. Greysia anaondoka, na kocha anampa Siti Fadia Silva Ramadhanti, binti wa Bogor aliyezaliwa Novemba 2000, ambaye kabla ya hapo alikuwa akicheza na Ribka Sugiarto.

Sasa Apriyani ndiye dada mkubwa. Ana miaka 24.

Mei 2022 wanaingia SEA Games, michezo ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, kule Vietnam, wanatoka na dhahabu. Juni wanaingia Indonesia Masters, Istora. Tarehe 12 Juni, siku ya fainali, ndiyo siku ambayo Greysia aliagwa rasmi palepale ukumbini mbele ya mashabiki. Na siku hiyohiyo, sakafu ileile, Apriyani aliingia kucheza fainali na Fadia. Aliyemlea anatoka mlango mmoja akilia, yeye anatakiwa afute machozi akapige servisi. Na nani yuko upande wa pili? Chen na Jia. Wakafungwa 18-21, 12-21, na sioni aibu yoyote hapo.

Tarehe 3 Julai wakachukua Malaysia Open kwa kuwafunga Zhang Shuxian na Zheng Yu wa China seti tatu, ya mwisho 21-19. Tarehe 17 Julai wakachukua Singapore Open kwa kuwafunga walewale, safari hii seti mbili kavu. Kuanzia Mei hadi Julai: dhahabu moja, fainali moja, mataji mawili. Jozi mpya!

Niambie mkuu, nani alimbeba hapo? Fadia wa miaka 21? Tazama mechi za Julai zile uone nani anaongea kabla ya kila servisi, nani anamsogelea mwenzake baada ya pointi mbaya na kumgusa bega, nani anayeamua sasa tupunguze kasi. Apriyani aliyekuwa akikaa nyuma na kupiga tu, sasa anakwenda mbele kusoma kinyoya na kumwachia Fadia nafasi ya nyuma. Alichukua kazi ya Greysia bila kuacha yake. Hiyo kwangu ina uzito kuliko taji lolote lile.

#8 Mdau wa nne

Mimi niko Muscat, kazini tuna Waindonesia kadhaa. Siku ya fainali ya Tokyo walikusanyika kwenye simu moja wakati wa mapumziko, na mpaka leo ukiwatajia Apri wanatabasamu. Lakini hata wao wanasema baada ya 2023 mambo yaliharibika. Paris walitoka hatua ya makundi bila kushinda hata mechi moja. Tunaitetea vipi hiyo?

#9 Mleta uzi

Hatuitetei, tunaielewa.

Agosti 2023, Copenhagen, Apriyani na Fadia walifika fainali ya dunia. Wanawake wawili wawili wa Indonesia hawakuwa wamefika fainali hiyo tangu Finarsih na Lili Tampi mwaka 1995 kule Lausanne, na hadi leo hakuna jozi ya Indonesia iliyowahi kuichukua. Wakafungwa na Chen na Jia, 16-21, 12-21. Mwezi uliofuata wakachukua Hong Kong Open kwa kuwafunga Wamalaysia Pearly Tan na Thinaah Muralitharan, seti ya kwanza wakiwa wamepoteza, ya pili wakiinyakua 24-22. Halafu michezo ya Asia Hangzhou, ambako timu nzima ya vinyoya ya Indonesia ilirudi nyumbani bila medali hata moja, wanaume kwa wanawake. Mwisho wa mwaka Apriyani akaumia msuli wa mguu.

Mtu anayecheza kwa kuruka na kukimbia kama yeye, mguu ndio duka lake. Na aliumia wakati mbaya, kwa sababu pointi za kufuzu Olimpiki zilikuwa zinahesabiwa hadi Aprili 2024. Hakuna nafasi ya kupumzika kweli. Ukirudi mapema unacheza na mguu nusu, ukichelewa wengine wanakupita. Paris walipangwa kundi moja na Chen na Jia, unahitaji kuwa mzima asilimia mia kuvuka hapo. Walipoteza mechi zote tatu. Chen na Jia wakaenda kuchukua dhahabu waliyoikosa Tokyo, na kwa haki kabisa, walikuwa bora kuliko wote.

Ninachowalaumu ni wapanga ratiba wa mchezo huu kwa ujumla. Mchezaji wa juu anazunguka Asia na Ulaya wiki hadi wiki, na mashindano makubwa ni lazima acheze, akikosa bila sababu inayokubalika anatozwa faini. Mwili wa binti aliyeanza kubeba mazoezi ya watu wazima tangu utotoni unalipa mahali fulani.

Na mdau wa tatu nimwachie haki yake: dhidi ya Chen na Jia kwenye fainali hizo mbili, Fadia na Apriyani walikosa kitu ambacho Greysia alikuwa nacho. Ni ule utulivu wa kumfanya Chen apige mpigo mmoja zaidi ya anaoutaka. Tokyo ukitazama vizuri, Wachina walikosea sana. Hawakukosea wenyewe, walikoseshwa. Kinyoya kilikuwa kinarudi kimya, chini, katikati yao, mpaka wakaanza kulazimisha. Jakarta na Copenhagen Chen alipata nafasi ya kushambulia anavyotaka. Kwa hiyo ndiyo, Greysia alileta kitu. Lakini kuleta kitu na kumbeba mtu ni mambo mawili tofauti.

#10 Mdau wa tatu

Sawa mkuu. Hapo kwenye kukoseshwa nimekuelewa, na nitarudia kuitazama Tokyo kwa jicho hilo. Bado nasema Greysia ndiye aliyekuwa mhimili, ila neno alibebwa naliondoa. Ile ya kubaki peke yake uwanjani wakati mwenzake anatafuta raketi sikuwa nimeitilia maanani.

#11 Mdau wa pili

Mimi niseme neno kwa ajili ya Fadia, maana kwenye mijadala hii anasahaulika. Kupangwa na bingwa wa Olimpiki si zawadi tu. Ukishinda, sifa ni za bingwa. Ukishindwa, wewe ndiye uliyemwangusha. Apriyani mwenyewe alipitia hayohayo mwaka 2017 mbele ya Greysia. Kama Fadia alicheza fainali ya dunia akiwa na miaka 22 chini ya mzigo huo, tumpe haki yake. Sifa za Apriyani tukizizidisha sana tutarudi kusema Fadia naye alibebwa, na uzi utaanza upya.

#12 Mleta uzi

Kabisa. Makombora ya Fadia ya kutoka nyuma ndiyo yaliyomruhusu Apriyani kusogea mbele. Bila mtu wa kuaminika nyuma, huwezi kuhama nafasi.

#13 Mdau wa kwanza

Wakuu mmenipa hamu. Kwa mtu wa soka kama mimi anayetaka kuanza, nitazame mechi ipi? Na zinapatikana wapi?

#14 Mleta uzi

Shirikisho la dunia la mchezo huu lina chaneli yake YouTube, mechi nyingi za mashindano yake zimewekwa huko. Za Olimpiki tafuta kwenye chaneli ya Olimpiki yenyewe.

Usianze na fainali ya Tokyo. Anza na fainali ya French Open 2017, umwone Apriyani wa miaka 19 ambaye anataka kumaliza kila pointi kwa kombora. Kisha tazama Tokyo, ile mechi ya kundi na Fukushima na Hirota, seti ya kwanza yote hadi 24-22, usiruke hata pointi moja. Uone alivyojifunza kungoja. Ndipo uje fainali. Ukimaliza hapo nenda Malaysia Open 2022, seti ya tatu, pointi kumi za mwisho. Weka macho kwa Apriyani wakati kinyoya kiko mbali naye, usimfuate mwenye kinyoya. Angalia miguu yake na mahali anaposimama kumfungulia Fadia njia.

Ukishazitazama hizo nne rudi hapa utuambie umeona nini. Na mwenye mechi nyingine ya Apriyani na Fadia anayoona inafaa kwa mgeni aiweke hapa chini.